Mlango Hauvuji: kisa cha ukarabati wa nyumba ya nakshi Mji Mkongwe, Zanzibar

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya mirathi Mji Mkongwe, Unguja. Majina ya wenyewe, mtaa, mafundi na mkandarasi yameondolewa, pamoja na mambo mawili matatu ambayo yangemfanya jirani aitambue nyumba. Nilihusishwa kama mshauri wa ufundi tangu ukaguzi wa mwanzo. Nimekiandika kwa ajili ya warithi wenye nyumba za aina hii na mafundi wanaoitwa kuzitengeneza.

Nyumba na asili yake

Ni nyumba ya ghorofa mbili juu ya sehemu ya chini, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19. Tangu Sayyid Said, mtawala wa Omani, alipohamishia makao yake kutoka Maskati, mji ulikuwa umejaa majumba ya mawe ya namna mbili kuu. Ya Kiarabu yalikuwa makavu kwa nje: kuta nene, madirisha machache, uzuri wote umegeukia uani. Ya wafanyabiashara wa Kihindi yaliikabili njia, duka chini na roshani juu. Nyumba hii ilichukua kwa wote wawili. Ndani ina ua ulio wazi juu, umezungukwa na vyumba virefu vyembamba. Nje ina baraza ya mawe, mlango mkubwa wa kuchonga wenye tao la nusu duara juu yake, na roshani ya mbao za nakshi ya kutoboa inayoning'inia juu ya kichochoro.

Vyumba ni vyembamba kwa sababu ya boriti. Dari zote zilijengwa kwa boriti za mkoko, na mti wa mkoko hautoi boriti ya kutegemewa zaidi ya mita tatu hivi. Juu ya boriti hupangwa mawe mepesi, kisha kifusi cha chokaa na udongo, kisha sakafu ya chokaa iliyopigwa kwa virungu mpaka ikashikana. Dari ya namna hii ni nzito sana. Kuta nazo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, bila chuma cha aina yoyote. Jengo zima linasimama kwa uzito wake lenyewe, na kwa ukavu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 sehemu ya ukoo iliondoka. Waliobaki walijikusanya ghorofa ya kwanza na kwingine kote wakaweka wapangaji. Vyumba vikakatwa kwa kuta za matofali, choo kikapandishwa ghorofa ya pili, jiko likawekwa kwenye ukumbi wa nyuma. Paa la asili, lile bapa la chokaa, lilikuwa limefunikwa bati zamani, kama majumba mengi ya mji. Kila ukuta ulipomomonyoka, fundi aliitwa akapiga lipu ya saruji. Hayo yaliendelea miaka mingi, na kila mmoja aliyefanya hivyo alidhani anaiokoa nyumba.

Kilichowakusanya warithi

Masika moja ulitokea ufa juu ya ngazi, mpana kiasi cha kuingiza kidole, na roshani ikaanza kuinamia kichochoroni. Warithi walikuwa wanne, wawili wakiishi nje ya nchi. Walikutana kwa simu na kukubaliana jambo moja tu: kwamba kungoja hakufai. Miaka si mingi kabla ya hapo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, ilikuwa imeporomoka katikati ya ukarabati na watu wawili wakafa. Mjini hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Mapendekezo yalikuwa mawili. Mkandarasi alitaka kuvunja dari za ghorofa ya pili, kumimina zege, kisha kupiga lipu nyumba nzima upya. Mrithi aliyekuwa tayari kutoa fedha nyingi zaidi alitaka kazi ianze na mlango na roshani, kwa kuwa ukoo ulikusudia kupangisha vyumba kwa wageni na hivyo ndivyo mgeni anavyoviona kwanza.

Shangazi yao, mkazi wa siku zote wa nyumba hiyo, alisikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akamwambia yule mpwa: "Mwanangu, mlango hauvuji. Linalovuja paa."

Ukaguzi ulionyesha nini

Kabla ya kuamua lolote tuliomba kufungua sehemu chache, kwa idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, chombo kilichoundwa 1985 kusimamia eneo hili, miaka 15 kabla UNESCO haijaliingiza katika Urithi wa Dunia. Vifaa vilikuwa nyundo ndogo, patasi, tochi na bisibisi.

Ukuta wa ngazi uligongwa kutoka chini kwenda juu. Chini ulitoa sauti nzito. Kuanzia usawa wa ghorofa ya kwanza ulilia mtupu: lipu ya saruji ilikuwa imesimama peke yake, haishikani tena na ukuta. Tulipobandua kipande, chokaa ya ndani ilimwagika kama unga wa sembe na mawe yakabaki yamekaa bila kiungo. Nyuma ya lipu kulikuwa na maji, na juu yake ukoko mweupe wa chumvi.

Sababu yake si fumbo. Chokaa inapumua. Maji yakiingia ukutani, jua na upepo huyatoa. Saruji ni ngumu na imeziba, kwa hiyo maji yaliyopata njia ya kuingia juu hayakuwa na njia ya kutoka pembeni. Yalishuka ndani ya ukuta yakiyeyusha udongo na kusafirisha chumvi. Lipu ilikuwa na sura nzuri na nyuma yake ukuta ulikuwa unaoza.

Njia ya kuingilia ilikuwa mfereji wa bati kati ya paa la nyumba na la jirani. Ulikuwa umetoboka mahali pawili, na mteremko wake uligeuka siku alipopita fundi wa antena akaukanyaga. Maji yote ya mapaa mawili yalikuwa yanaishia juu ya ukuta wa ngazi, mahali boriti za dari ya juu zinapokalia. Bisibisi iliposukumwa kwenye ncha ya boriti ya tatu iliingia mpaka kwenye mpini, bila nguvu. Hatua moja kutoka ukutani, boriti hiyohiyo ilikuwa ngumu kiasi cha kurudisha patasi.

Juu ya yote hayo kulikuwa na matangi mawili ya maji, ya lita 1,000 kila moja, kila moja likiwa tani nzima linapojaa. Yalikuwa yamewekwa juu ya dari hiyohiyo, jirani na choo.

Uamuzi wa kwanza: mzigo ushuke

Siku ya ukaguzi matangi yalifungwa maji, na kabla ya wiki kwisha yalikuwa chini uani. Choo cha ghorofa ya pili kikafungwa. Dari zikatiwa gadi, yaani nguzo za muda za kuzishikilia, ghorofa kwa ghorofa, nguzo ya juu ikisimama sawasawa juu ya nguzo ya chini mpaka kwenye ardhi. Ukitia gadi dari ya juu ukaiacha ya kati bila kitu, umeuhamisha tu mzigo kwenda kwenye dari ambayo haikuwa na ugonjwa.

Hapa pendekezo la zege lilikataliwa. Mkandarasi alikuwa na hoja: zege haiozi, na mikoko ya kukata si rahisi kupata siku hizi. Lakini kuvunja dari kwenye nyumba ya namna hii ni kuondoa kinachozishika kuta mbili zisiachane, na kisha kuzitaka kuta zilizokwisha kulowa zibebe kitu kigumu kisichojua kunyumbuka nazo. Warithi walikubali, nusu kwa hoja na nusu kwa hofu.

Wapangaji waliambiwa watoke kwa muda, na ukoo ukarudisha kodi waliyokuwa wamelipa mbele. Shangazi alikataa kuondoka. Akahamishiwa chumba cha mbele cha chini, ambako ukuta ulikuwa mzima, na kutoka hapo akawa msimamizi ambaye hakuna aliyemwajiri wala aliyethubutu kumpuuza.

Maji

Kazi ya paa ilikuwa ndogo kwa fedha na kubwa kwa maneno. Mfereji ulikuwa wa nyumba mbili, na jirani alishikilia kwamba maji ni ya upande wa pili. Shangazi alimwendea mwenyewe baada ya Magharibi, na asubuhi jirani akakubali kuchangia nusu. Mfereji mpya ulitengenezwa mpana zaidi, ukapewa mteremko mmoja na ubao wa kukanyagia juu yake.

Palikuwa na sauti iliyotaka paa la asili lirudishwe, bapa na la chokaa. Sikuunga mkono. Paa hilo lilitegemea watu wa kulipiga na kulipaka chokaa mara kwa mara, na watu hao hawapo. Bati ni sehemu ya historia ya nyumba hii pia, na kazi yake inaifanya.

Kuta: saruji itoke au ibaki?

Baada ya maji kukatwa, lipu ya saruji ilibanduliwa ukuta wa ngazi wote na vyumba vilivyoungana nao. Mawe yaliyolegea yaliwekwa upya kwa chokaa, sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Kisha kuta zikaachwa uchi kipindi chote cha kiangazi zikauke. Hakuna hatua iliyowachosha warithi kama hii, kwa sababu fedha zimetoka na jengo linaonekana baya kuliko siku ya kwanza.

Ukuta wa jiko ulikuwa tofauti. Pale saruji ilikuwa imeshika mawe kwa nguvu, na jaribio la kuibandua liliondoka na uso wa jiwe. Tuliamua ibaki upande wa ndani, tukafungua upande wa nje ukuta upumue kutoka huko. Si jibu safi, ila kung'oa kungeumiza zaidi ya kuacha.

Chokaa ya kazi ilizimwa mapema na kulazwa shimoni chini ya maji, kwa kuwa chokaa iliyowahiwa ina punje ambazo hazijazimika, na punje hizo huja kufura ukutani na kutoboa lipu. Mchanga ulikuwa wa shimo. Wa pwani ulikataliwa kwa ajili ya chumvi. Lipu ilipigwa kwa matabaka membamba, kila moja likifunikwa magunia mabichi ili lisikauke haraka, kwa maana chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa taratibu na ikiwahi kukauka hubaki unga. Mwisho ikaja niru, yaani tabaka laini la chokaa la juu kabisa.

Katika kubandua, chumba kimoja cha mbele kilitoa kitu ambacho hata shangazi hakukijua: mstari wa nakshi ya chokaa juu ya madaka matatu (vishubaka vya ukutani), umezikwa chini ya saruji, majani na maua yaliyokatwa kwa kisu lipu ikingali mbichi. Theluthi yake ilikuwa imeondoka na saruji. Tuliusafisha kwa brashi laini tukauacha ulivyo, na pengo likajazwa chokaa bapa.

Boriti

Ncha zilioza, miili ilikuwa mizima. Badala ya kutoa boriti, tulilaza mhimili wa mbao ngumu sambamba na ukuta, chini ya boriti zote, ukikalia mawe yaliyochomozwa kutoka ukutani. Ncha mbovu zilikatwa na boriti sasa zinaukalia mhimili. Zilizobadilishwa kabisa ni zile tu zilizooza mpaka katikati. Mhimili unaonekana wazi ukiingia chumbani. Mrithi mmoja alitaka ufunikwe; tulimwomba uachwe, kwani safari nyingine mtu atauona unyevu mapema.

Roshani

Roshani ilifunguliwa kipande kwa kipande, kila kipande kikatiwa kibao chenye namba na kupigwa picha kabla hakijashuka. Vilivyokuwa vinaibeba, mikono ya mbao iliyopenya ukutani, ndivyo vilivyooza. Mbao za nakshi zenyewe zilikuwa imara chini ya rangi za miaka na miaka. Mikono mipya ilikatwa kwa msaji. Nakshi zilizopotea zilichongwa upya kwa kufuata zilizobaki, na mpya zikaachwa na mikato rahisi kidogo, ili anayetazama kwa karibu ajue ipi ni ipi. Fundi seremala hakupenda. Aliona anaambiwa afanye kazi chini ya uwezo wake, na sidhani kama alikuwa amekosea kabisa. Kwa anayetaka kuona kazi ya roshani iliyofanywa kwa ukamilifu, jengo la zahanati ya zamani barabara ya Mizingani, lililokarabatiwa miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan Trust for Culture, liko wazi machoni pa kila mpita njia.

Mlango

Mlango ulikuwa mzima. Mfaa, yaani ubao wa wima wa katikati, miimo yenye nakshi za mnyororo na samaki, tao la juu lenye maua, misumari ya shaba: vyote vilikuwepo, vikihitaji kusafishwa na kupakwa mafuta. Kwa sababu haukuwa na tatizo, haukuandikwa mahali popote kwenye mpango wa kazi.

Ukuta wa mbele ulipokuwa unatengenezwa, mbawa za mlango zilitolewa zisije zikagongwa. Mmoja wa jamaa, kwa nia njema, akazipeleka kwenye karakana moja "zing'arishwe". Zilirudi zimepigwa msasa wa mashine na kupakwa vanishi. Kingo za nakshi zilikuwa zimelainika, alama za patasi za fundi wa kwanza zimefutika upande mmoja wote, na baadhi ya misumari ya shaba imebadilishwa kwa mipya isiyolingana. Vanishi ilitolewa baadaye. Kingo hazirudi.

Hali ilivyo sasa

Vipande vya kioo vilivyogundishwa juu ya ufa ili vikatike ukipanuka, kila kimoja kikiwa na tarehe yake, vimepita masika mawili bila kukatika. Ukuta wa ngazi ni mkavu. Wageni wanapangishiwa ghorofa ya kwanza. Ya pili haina choo wala tangi, inatumika kwa kulala tu. Familia moja ya wapangaji wa zamani imerudi. Nyingine haikurudi, ilikuwa imepata mahali Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na ikaona afadhali ibaki huko.

Chumba kimoja kimeharibika. Msimu wa wageni ulipokaribia, watu wa mkandarasi walikipiga lipu ya chokaa kabla ukuta haujakauka, tabaka moja nene, kisha rangi ya plastiki juu yake. Vuli iliyofuata rangi ilifura mapovu na lipu ikaanza kubanduka kwa mapande. Itabidi irudiwe.

Uchambuzi

Kilichoiokoa nyumba ni mpangilio: mzigo, kisha maji, kisha kuta, kisha mbao, kisha uzuri. Kila hatua ingefanywa kabla ya mwenzake, ingelazimika kurudiwa. Roshani mpya juu ya ukuta uliolowa ingeoza mikono yake kama ile ya zamani. Jambo hili kila fundi analijua. Gumu ni kulitetea mbele ya mwenye fedha, kwa sababu hatua tatu za kwanza hazina picha nzuri. Warithi walioko nje walikuwa wakituma fedha kwa kutazama picha kwenye simu, na picha ya mfereji haimtii mtu moyo. Mambo yalibadilika pale walipotumiwa video fupi ya bisibisi ikizama kwenye boriti. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena kwa nini roshani bado. Nashauri ukaguzi wowote urekodiwe hivyo, na warithi wote wauone kabla ya kuulizwa watatoa kiasi gani.

Chumba kilichoharibika hakikuharibiwa na uvivu wa mafundi. Mkataba ulilipa lipu kwa mita ya mraba, na kwa malipo hayo tabaka moja nene la siku moja linalipa kuliko matabaka matatu ya wiki kadhaa. Fundi alifanya alicholipwa kufanya. Kazi ya chokaa ilipwe kwa hatua: kubandua, kukauka, tabaka la kwanza, la pili, niru, na malipo ya mwisho yangoje mvua ipite. Rangi ya plastiki nayo ikatazwe kwa maandishi, kwa kuwa inaziba ukuta sawasawa na saruji iliyotolewa kwa gharama.

Kuhusu mlango, kasoro ilikuwa ya usimamizi. Kila kilichokuwa kibovu kilikuwa na mtu wake na karatasi yake. Kilicho kizima hakikuwa na mlezi. Jamaa aliyeupeleka karakana hakuvunja agizo lolote, kwa kuwa agizo halikuwepo. Mpango wa kazi unapaswa kuorodhesha pia vitu visivyoguswa na jina la anayevishikia dhamana, hasa milango, ambayo huko nje ina soko lake na wanunuzi wasiouliza maswali.

Nisichokuwa na jibu nacho ni nakshi ya lipu iliyopatikana chumba cha mbele. Kama tungejua ipo, tungebandua kwa mkono badala ya nyundo, na huenda ile theluthi ingebaki. Lakini kubandua nyumba nzima kwa kasi hiyo kwa kutarajia nakshi ambayo huenda haipo kungemaliza fedha kabla ya kufika kwenye boriti. Siku hizi napendekeza kufungua vidirisha vidogo vya majaribio juu ya kila daka na kila tao, kwa patasi ya mkono, na kwingine kazi iende kama kawaida.

Warithi wamekubaliana sehemu ya kodi ya kila mwezi iwekwe kando kwa ajili ya paa, na mfereji usafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Makubaliano hayo ni ya mdomo. Shangazi ndiye anayeyasimamia, naye umri umemwendea. Nimewaomba wayaandike pamoja na jirani mwenye nusu ya mfereji, na hadi ninapoandika haya bado wanajadiliana nani aweke sahihi kwa niaba ya nani.